Kutoka Barua ya Makka Hadi Simu ya Mkononi: Nani Mpokezi wa Khabari Zetu?

  

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hafiki mjini Iringa mpaka aiache barabara kuu. Mji uko juu mlimani, na barabara inapita chini, karibu na Mto Ruaha Mdogo, mahali panapoitwa Ipogolo. Malori ya Zambia husimama hapo, na kwa miaka mingi khabari zilishuka na madereva Ipogolo kabla hazijapanda mjini. Dereva aliyekaa kula wali kwa mama ntilie ndiye aliyeeleza yaliyotokea Mikumi asubuhi au Tunduma juzi. Waliomsikiliza walikuwa kumi au ishirini, wote kwa wakati mmoja, na kama yupo aliyemjua kuwa ni mtu wa kuongeza chumvi, alisema hapo hapo.

Tunaanza na Ipogolo kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia katika msikiti mmoja wa huko mwezi Novemba 2025. Intaneti ilikuwa imezimwa nchini siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, ikarejea siku chache baadaye. Katika siku hizo kulikuwa na maandamano, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Makala hii haikukusudia kuyahukumu matukio hayo. Tunachotaka kueleza ni kilichofuata baada ya swala ya Isha, pale mzee mmoja wa msikiti alipowauliza vijana wawili, mtoto wa kaka na mtoto wa dada, wamesikia nini. Kila mmoja akatoa simu yake. Ya mmoja ilikuwa imejaa maiti na vilio vya akina mama. Ya mwenzake ilikuwa imejaa vituo vya mafuta vilivyochomwa na maonyo juu ya watu wa nje wanaotaka kuivuruga nchi. Kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Huyu akaitwa msaliti, yule akaitwa mchochezi, na kwa muda wa majuma matatu hawakupeana hata "Kamwene", ilhali wanaswali safu moja.

Mzee alitikisa kichwa, akasema kwamba zamani hata uwongo walikuwa wakiusikia pamoja.

Tumelifikiri neno hili kwa muda mrefu. Tulipoirejea tarikh tukakuta kwamba linaungwa mkono na mengi kuliko tulivyodhani, na zaidi na kisa kimoja cha hapa hapa kwetu ambacho wasomaji wengi huenda wamekisikia nusu nusu.

BARUA YA MWAKA 1908

Katikati ya mwaka 1908, katika wilaya ya Lindi, kulionekana barua za Kiarabu zilizodaiwa kutoka Makka. Ndani yake mliandikwa kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (SAW) mjini Madina, alimuona Mtume usingizini akihuzunika juu ya umma wake, kwamba wameacha swala na zaka, na kwamba maelfu ya watu hufa kati ya Ijumaa na Ijumaa pasi na kufa katika Uislamu. Kiama kimekaribia na mlango wa toba unakaribia kufungwa. Kisha likaja sharti: atakayeinakili barua hii na kuipeleka mji mwingine atapata kadha wa kadha, na atakayeificha atapata hasara duniani na Akhera.

Barua ilienea haraka. Kutoka Lindi ilifika miji mingine ya pwani na ikaingia bara. Watu walijaa misikitini, na serikali ya Kijerumani ikaingiwa na hofu. Tukumbuke kwamba ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Julai 1905, pale khabari ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilipopita kijiji kwa kijiji na kuwasha vita vya Maji Maji. Hata Iringa iliguswa na vita hivyo: kamanda wa boma, Nigmann, aliondoka na askari wake mwaka 1905 kwenda kuiokoa ngome ya Mahenge. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyeletewa karatasi ya Kiarabu mwaka 1908, isemayo kuwa mwisho umekaribia, hakusoma mawaidha. Alisoma tangazo la vita.

Wajerumani walifanya uchunguzi, wakakamata watu. Kidole chao kikamuelekea Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji na ambaye wakati huo alikuwa akiishi Unguja. Wakadai kwamba barua zimesambazwa na jamaa zake. Hatuna haja ya kumtetea wala kumlaumu. Muhimu ni kwamba uasi walioutarajia haukutokea. Watu waliosikia barua walirudi kwenye swala, baadhi wakaacha mambo fulani kwa muda, na maisha yakaendelea.

Mwaka 1911 mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya Kiislamu, Carl Heinrich Becker, aliandika uchambuzi wa barua hii katika jarida lake la Der Islam. Alionyesha kwamba haikuwa mpya hata kidogo. Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuandika juu ya wasia wa namna hiyo hiyo mwaka 1884, ulipozagaa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Na wala haikuwahitaji Wazungu ili ijulikane. Sheikh Muhammad Rashid Ridha aliulizwa juu yake katika jarida la al-Manar huko Misri, akajibu kwamba wasia huo ameuona mara nyingi tangu alipokuwa mtoto anayejifunza kuandika. Miongo mingi baadaye Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika risala maalumu ya kuukanusha. Aliwauliza hata jamaa wa huyo Sheikh Ahmad, nao wakasema kwamba hakusema jambo hilo kabisa. Kisha akaeleza hoja za kielimu: ndoto haiongezi wala haipunguzi kitu katika sharia, aliyeileta hajulikani, na malipo yaliyoahidiwa kwa kunakili karatasi yamepita yale aliyoahidiwa mwenye kuisoma Qur'ani yenyewe.

Msomaji azingatie jambo moja. Barua ilikuwa ya uwongo, lakini ilikuwa moja. Ofisa wa Lindi, mwalimu wa madrasa, Rashid Ridha kule Cairo na bin Baz kule Riyadh, wote waliweza kuishika mkononi na kusema: hii hapa, tazameni kosa lake. Aliyeiamini na aliyeikanusha walikuwa wakigombania karatasi ile ile. Maulamaa walipata kitu cha kukanusha.

BARUA ZA ZAMA ZA UTHMAN

Wapo watakaosema kwamba mgawanyiko wa khabari ni balaa la zama zetu tu. Si kweli. Katika tarikh ya at-Tabari kuna maelezo ya miaka ya mwisho ya Khalifa Uthman bin Affan (RA) ambayo, tulipoyasoma tena mwaka huu, yalitushitua. Inaelezwa kwamba wachochezi waliandika barua kutoka kila mji kwenda miji mingine, wakitaja aibu za magavana. Watu wa mji mmoja walizisoma hadharani na kusema: sisi tumesalimika na balaa lililowapata wenzetu. Na wenzao nao, waliposomewa barua juu ya mji wa kwanza, wakasema vivyo hivyo. Kila mji ukaamini kwamba moto unawaka kwingine, isipokuwa watu wa Madina, ambao barua ziliwafikia kutoka pande zote.

Uaminifu wa elimu unatulazimisha kusema kwamba riwaya hii imepitia kwa Sayf bin Umar, na wanazuoni wa hadithi wamemdhoofisha. Hatuijengei hukumu. Lakini inaonyesha kwamba waandishi wa tarikh wa karne za mwanzo walikwisha kufahamu kwamba fitna haihitaji kila mtu aambiwe uwongo ule ule. Inatosha kila kundi liletewe barua yake.

Mashuhuri zaidi ni kisa cha barua ya Misri. Ujumbe wa Wamisri ulikuwa njiani kurudi kwao, ukamkamata mpanda ngamia akiwa na barua yenye muhuri wa Khalifa, inayomuamuru gavana wa Misri awaadhibu watakapofika. Wakageuka nayo hadi Madina. Uthman (RA) aliapa kwamba hakuiandika, hakuiamuru wala hakuijua. Hawakumsikiliza, akazingirwa nyumbani kwake na kuuawa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 35 Hijria (656).

Ni baada ya fitna hiyo ndipo elimu ya isnadi iliposhika nafasi yake. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kutoka kwa Muhammad bin Sirin maelezo kwamba hapo kabla watu hawakuwa wakiuliza juu ya isnadi, ila ilipotokea fitna wakaanza kudai watajiwe majina ya wapokezi. Kwa maneno mengine, umma uliumwa na nyoka, ukatengeneza dawa. Dawa hiyo ilikuwa swali fupi: umeipata kwa nani?

TELEGRAFU, REDIO, NA WALE WALIOKAA PAMOJA

Kila chombo kipya cha khabari kimewalazimisha mafaqihi kuuliza upya swali hilo. Ilipokuja telegrafu, ikazuka hoja: je, mwandamo wa mwezi ukiletwa kwa waya, tufunge? Anayepiga waya huenda si Muislamu, na aliyeuona mwezi hayuko mbele ya kadhi. Sheikh Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus alitoa kitabu kizima juu ya suala hilo mwaka 1911, akielekea kwenye kuikubali khabari ya waya. Tunaona alikuwa sahihi, kwa sababu waya wenyewe hauna matakwa. Unapeleka ulichopewa.

Redio ikaja na sura nyingine. Wenye umri wanakumbuka taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, redio moja ikizungukwa na nyumba tatu. Tusiitukuze mno zama ile. Redio ilikuwa ya serikali ya chama kimoja, na mengi hayakusemwa. Waislamu wana malalamiko yao juu ya yale yasiyosemwa, nayo si ya jana. Lakini lililonyamaziwa lilinyamaziwa kwa wote, na watu walilijazia barazani kwa pamoja.

MPOKEZI ALIYEFICHWA

Sasa tuje kwenye simu iliyo mfukoni.

Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa kama daftari la marafiki. Mwaka 2006 ikaanza kuwapangia watu mtiririko wa khabari, na baada ya miaka kadhaa mitandao mingine ikaifuata, Twitter na Instagram zikiacha mpangilio wa saa mwaka 2016. Mpangaji ni kile kinachoitwa algoridhimu, yaani kanuni za hesabu zilizoandikwa ndani ya kompyuta. (Neno lenyewe, kwa kejeli ya tarikh, limetokana na jina la mwanahisabati Muislamu wa Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, wa karne ya tisa. Asingeitambua kazi inayofanywa kwa jina lake.)

Kanuni hizo zinafanya nini? Watu unaowafuata wameandika mambo mamia leo. Huwezi kuyasoma yote. Kwa hiyo mashine inakisia ni lipi litakalokufanya usimame, ubonyeze, ujibu au umtumie mwenzako, kwa kuwa kampuni inaishi kwa matangazo na matangazo yanataka ukae muda mrefu. Mwaka 2017 Facebook ilizipa alama za nyuso, ukiwemo uso wa hasira, uzito mara tano ya alama ya kupenda. Januari 2018 ikatangaza mabadiliko makubwa ya kutanguliza yale yanayozua majibu mengi kati ya watu. Nyaraka za ndani zilizotolewa mwaka 2021 na mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen, zilionyesha kwamba watafiti wa kampuni yenyewe walitahadharisha kuwa kwa njia hiyo maneno ya chuki na uzushi yanapandishwa juu. Uzito wa uso wa hasira uliondolewa kabisa mwaka 2020. Kwa miaka mitatu basi, ghadhabu ya Mwislamu na ya asiye Mwislamu ilihesabiwa zaidi ya ridhaa yake.

Hapa ndipo istilahi za maulamaa wetu zinaposaidia kuliko maneno ya waandishi wa magazeti. Katika elimu ya hadithi kuna aibu iitwayo tadlisi. Mpokezi huficha mtu wa katikati aliyemsimulia, akatumia maneno yanayokufanya udhani amesikia moja kwa moja kwa yule wa juu. Shu'ba bin al-Hajjaj aliichukia tadlisi mno, akaihesabu kuwa ndugu ya uwongo. Sasa mtazame kijana wa Ipogolo. Anafungua simu, anaona video kutoka kwa rafiki yake wa Makambako, anasema: nimeipata kwa fulani, namjua, si muongo. Lakini rafiki huyo alituma mambo ishirini juma lile, na wengine mia nao wakatuma yao. Nani aliyechagua hili moja na kuliweka juu? Kati yake na rafiki yake kuna mpokezi ambaye jina lake halikutajwa, asiyejali swala wala sharafu, na anayepata faida mtu akikasirika. Isnadi inaonekana fupi na safi, kumbe ina mtu ndani yake.

Hukumu ya mpokezi asiyejulikana imejadiliwa zamani. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, khabari ya mtu ambaye uadilifu wake haujulikani haipokewi mpaka ujulikane. Kwa Imam Abu Hanifa imenukuliwa kwamba aliyesitirika, ambaye dhahiri yake haina aibu, hukubaliwa katika zama za mwanzo, kwa kuwa uadilifu ulikuwa ndiyo hali ya watu wake. Hatujui mwanachuoni yeyote aliyesema kwamba mpokezi asiyejulikana hukubaliwa ilhali maslahi yake katika khabari yanajulikana.

Lakini tadlisi ni nusu ya jambo, na nusu ya pili ni nzito zaidi. Wahubiri wetu wengi wanapozungumzia mitandao husoma aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayoamuru kupambanua khabari iletwayo na fasiki, kisha wanawaambia vijana: hakikisheni kama picha ni ya kweli. Ni nasaha njema, na haitoshi. Katika simu za wale vijana wawili kulikuwa na picha za uwongo, ndiyo, lakini nyingi zilikuwa za kweli. Waliolia walilia kweli. Vilivyochomwa vilichomwa kweli. Ungechukua kila klipu na kuipima peke yake, nyingi ungezipa daraja ya sahihi, na bado kila kijana angebaki na nchi isiyokuwepo.

Wanazuoni wa mustalah walilijua tatizo hili kwa jina la ikhtisari, yaani kuifupisha hadithi kwa kutaja sehemu na kuacha sehemu. Wapo walioikataza kabisa. Wengi waliiruhusu kwa masharti: afanyaye awe mjuzi, na kilichoachwa kisiwe na uhusiano na kilichotajwa kiasi cha kugeuza maana. Imam Bukhari mwenyewe aliigawa hadithi moja katika milango mingi, lakini alikuwa Bukhari, na sehemu zilizobaki zimo katika kitabu hicho hicho kwa kila msomaji. Asiyejua anapokata, anaweza kutamka maneno ya kweli tupu na akamdhulumu Mtume (SAW). Mtiririko wa simu ni ikhtisari isiyo na mjuzi, inayofanywa kwa kila mtu kivyake, na sehemu iliyokatwa humwoni aliyenayo. Ndiyo maana kumwambia kijana "hakikisha" hakumponyi. Anahakikisha alichonacho. Hawezi kuhakikisha kile ambacho hakuletewa.

DAMU ILIYOMWAGIKA

Msomaji akidhani tunazungumzia ugomvi wa vijana tu, amtazame jirani. Mwaka 2021, vita vya Tigray vikiendelea Ethiopia, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, alitajwa katika machapisho ya Facebook kwa jina na picha, akisingiziwa kushirikiana na waasi. Mwanawe aliripoti machapisho hayo kwa kampuni. Mapema Novemba mwaka huo profesa alifuatwa nyumbani na kupigwa risasi. Desemba 2022 mwanawe, pamoja na mtafiti mwingine wa Ethiopia na taasisi ya Katiba Institute ya Kenya, walifungua kesi Mahakama Kuu ya Nairobi, ambako kampuni ilikuwa imewaweka wakaguzi wa machapisho. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba kuna watu wanaoandika uovu. Walidai kwamba mashine yenyewe iliupandisha uovu huo. Aprili 2025 mahakama ilitamka kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, pingamizi la kampuni likakataliwa.

Kabla ya hapo ilikuwa Myanmar, ambako ndugu zetu Warohingya walifukuzwa na kuuawa mwaka 2017. Mwaka 2018 Facebook wenyewe walikiri kwamba hawakufanya ya kutosha kuzuia mtandao wao kutumika kuchochea mauaji. Na kwetu, kabla simu hazijawa na akili kiasi hiki, Oktoba 2012 ugomvi wa watoto wawili huko Mbagala juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Tunaogopa kufikiri video ya watoto wale ingefanya nini leo, na nani angeipandisha juu.

TUSEME KWA INSAFU

Haifai kuitupia mashine kila dhambi. Utafiti mkubwa wa chuo cha MIT uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia khabari zipatazo 126,000 katika Twitter, ulikuta uwongo unaenea haraka kuliko ukweli, na waliouchukua zaidi walikuwa wanadamu, si programu. Mwaka 2023 zikatoka tafiti juu ya uchaguzi wa Marekani wa 2020. Watumiaji waliondolewa mpangilio wa algoridhimu kwa miezi mitatu, wakawekewa mpangilio wa saa. Walipunguza muda wa kukaa mtandaoni, lakini misimamo yao ya kisiasa haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Wengine wameutumia utafiti huo kuitakasa kampuni. Sisi tunaona miezi mitatu ni michache kwa mtu aliyekwisha kulelewa hivyo miaka kumi, ila ushahidi ni ushahidi, na anayeuficha kwa sababu haumfai amefanya ikhtisari ile ile tunayoilaumu.

Kisha kuna WhatsApp, ambayo ndiyo kubwa misikitini kwetu. Humo hakuna mpangaji anayechagua ujumbe upi uje juu ya mwingine. Kampuni hata ilipunguza mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mno uweze kutumwa kwa mtu au kundi moja moja tu. Uzushi unaopita humo unapita kwa vidole vya Waislamu, baadhi yao wakiwa maimamu. Aya ya 83 ya Suratun Nisaa imewalaumu watu wanaoitangaza khabari ya amani au ya hofu mara tu inapowafikia, badala ya kuirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka na uwezo wa kuchambua. Na kuzima mtandao nako si dawa. Siku zile za Oktoba na Novemba 2025 watu walikaa gizani wakisimuliana, na mtandao uliporudi, kila simu ilimwaga kwa mkupuo mmoja yale iliyomchagulia mwenyewe.

Tumeulizwa na wanafunzi: je, imamu anaruhusiwa kuhutubia kwa alichokiona mtandaoni? Jibu letu ni kwamba khutba ni ushahidi mbele ya watu. Akiseme kile ambacho angekuwa tayari kukisimulia kwa kadhi pamoja na njia kilikopitia. Na kabla ya kukisema, amtafute mtu anayejua ana msimamo mwingine, aangalie naye yeye ameletewa nini.

Hilo la mwisho ndilo alilolifanya imamu wa msikiti ule wa Ipogolo. Aliwaita vijana wale wawili baada ya Isha, akawataka wabadilishane simu kwa nusu saa, hapo hapo msikitini, bila kusema neno. Mmoja alitazama mpaka muda ukaisha. Wa pili aliirudisha baada ya dakika kumi, akasema hawezi kuendelea. Hawajakubaliana hadi leo juu ya siku zile. Wanasalimiana.

Sehemu ya makala hii ihusuyo barua ya 1908 tuliisoma katika darsa la msikiti huo. Yule mzee aliinuka kimya, akaenda nyumbani, akarudi na karatasi ya rangi ya chai iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni wasia wa Sheikh Ahmad, alioutunza ndani ya msahafu tangu alipoinakili kwa mkono wake akiwa mwanafunzi, kwa hofu ya kupata hasara. Vijana waliisogelea, wakaisoma polepole. Kisha mmoja akatoa simu, akatafuta kidogo, akaonyesha: aliupokea Ramadhani iliyopita, Sheikh Ahmad yule yule, ndoto ile ile. Mwenzake akaangalia ya kwake. Naye alikuwa nao.